Shoka Lililonyimwa Maji

Mjukuu wangu Nyemo,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mvumi tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza uniletee mashine ya kupasulia kuni kama yenu ya huko Mafinga, au shoka jipya. Mwenzangu, swali lako limenishtua mwili mzima! Nimeliona tena shoka la baba yangu.

Ulikuwa mwaka wa ukame, na mpini ulikuwa umekauka hadi ukalegea. Baba aliomba maji aliloweke, mpini uvimbe ukaze. Mama akakataa: "Maji haya ni ya watoto."

Basi baba akalipiga gogo hivyo hivyo. Chuma kikachomoka, kikapita kati yangu na dada yangu tulipokaa mlangoni, kikazama ukutani. Jamani! Mama aliinua mtungi, akalinywesha shoka kwanza, ndipo akatunywesha sisi.

Siku hizi bomba liko uani. Niletee shoka, mjukuu wangu. Mashine yenu siijui kiu yake. Ya shoka naijua.

Bibi yako