Jumatano ya Mwami

Lac Vert, Goma

Papa mpendwa,

Nakuamkia wewe na mama, pamoja na wote wanaoota moto jikoni kwenu. Je, mguu wako umekubali kukanyaga? Kikohozi cha mama kimepungua? Sisi huku tu wazima. Mkweo Furaha anakusalimu, na watoto wanakula kama nzige. Fromaji, ile jibini mliyompa yule muuza maziwa atuletee, ilifika, ikaisha siku hiyohiyo.

Uliniagiza jambo moja: nipate neno kuhusu shamba la kijitoni, ambalo binamu wa Mwami, mtawala wetu, analilima tangu mlipokimbia vita, ili mvua ikianza mama apande. Uliniuliza pia ni mbuzi yupi atolewe kwa Mwami. Sikia basi nilivyohangaika.

Nilianza kwenye ofisi ya ardhi, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu katika somo la civisme, la uraia: raia wote ni sawa, na mwenye shida aende ofisini. Afisa alikuwa na kompyuta na viatu vya kung'aa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwami anasema nini?" Nikamwambia bado sijamuuliza. "Basi anzia kule. Siye tunaandika tu." Nikarudi nyumbani, maana huyo Mwami tunapanga naye parcelle moja, ua mmoja.

Hilo sikuwahi kukwambia. Tangu vita vimshushe kilimani, anaishi mlango wa tatu, sisi wa nne. Bati lake linavuja kama letu, na choo ni kimoja kwa nyumba zote. Watu wa kwetu wakija kumwona huinama na kupiga makofi, halafu humwachia maharage ambayo nyumbani kwao hayatoshi. Mimi pia huinama, mwalimu mzima. Mgongo unajikunja wenyewe.

Kumwomba ndiyo kazi. Ulitufundisha kwamba mtu hamwelezi Mwami shida yake mpaka aulizwe kilichomleta. Sasa mimi nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi nikiwa na mswaki mkononi. Angeniulizaje kilichonileta, na mimi naishi papo hapo? Alikuwa akiuliza habari za watoto, anapita. Mawingu yakaanza kujikusanya, na shamba halijatajwa.

Tena kulikuwa na mambo ya choo. Mwenye parcelle, Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo, ameweka zamu: kila nyumba ina siku yake ya kukisafisha. Jumatano ni ya mlango wa tatu. Nilipomnong'oneza kwamba yule ni Mwami, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwami yenu, si yangu! Hapa kuko balocataire tu, wote wananilipa kodi. Kwani yeye haendake ku choo?"

Kwa haki hakukosea; ndilo somo langu lenyewe. Hata hivyo kila Jumatano niliamka mapema, nikachukua ndoo na ufagio, nikamaliza kabla mzee hajafungua mlango. Furaha aliniuliza kama hilo nalo limo katika civisme.

Juma lililopita malaria ilinilaza. Jumatano ikafika, na nikiwa kitandani nikasikia ufagio. Furaha alichungulia dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Ni yeye." Mwami mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, anasugua. Papa, milango yote ilifungwa. Vijana wa kwetu waliokuwa wakichota maji waliacha bidoni zao wakatoka barabarani, ili isije ikasemwa kwamba waliona. Mimi niliona aibu kama mtu aliyekutwa uchi, ingawa sikuwa nimefanya lolote. Aliyebaki uani ni Mama Kahindo peke yake, mikono kiunoni, bila kicheko.

Alipomaliza alinawa, akaja kuketi kwenye kiti chetu cha plastiki, kando ya kitanda changu.

"Ni weye ulikuwa unanifanyia ile kazi?"

Nikaitika kwa kichwa. Akasogeza kiti karibu, akasema, "Bahati, ni nini ilikuleta?"

Nikamweleza yote, homa ikiwa bado mwilini.

"Ile shamba ni ya papa yako," akasema. "Nitatuma mutu leo, yule aitoke. Na papa yako akiuliza namna niko, umwambie naikala muzuri."

Basi nakwambia kama nilivyotumwa: anakaa vizuri. Mjumbe wake atakuwa amefika kabla ya barua hii. Ofisini nako nililipeleka neno lake mara nilipopata nguvu. Afisa aliandika bila swali hata moja.

Jioni ya Jumatano ile Mama Kahindo alikuwa amekuja mlangoni kwetu. "Ile kitu sitaki kuiona tena mu parcelle yangu," alisema. "Mwami, nimemutoa ku zamu." Alilitamka jina hilo kwa mara ya kwanza bila kucheka. Nikamshukuru. Akanitazama kama anayemtazama mtoto asiyeelewa hesabu. "Na choo itajisafisha? Utafanya weye. Si uko mutu yake?"

Nisalimie mdogo wangu aliyejifungua, na mjomba katekista, umwambie redio yake bado iko kwa fundi. Shangazi naye asikasirike. Picha za watoto zinakuja.

Mama apande. Kuhusu mbuzi, Papa, usimfunge kamba yeyote. Wetu ninamtoa huku kila Jumatano, kwa ndoo na ufagio.

Mwanao,
Bahati