Kichwa cha Treni Ulichonitumia

Mdogo wangu Nasoro,

Salamu hazikufikii tena huko uliko, kwa hiyo nimetanguliza dua, na sasa nakuja kwenye neno lililonikalisha kitako. Nilikudanganya. Ulipokuwa umelazwa Maskati, siku chache kabla hujafariki, nilikuambia kwenye simu kwamba kile kichwa cha treni ulichonitumia kimetembea juu ya reli za baba. Hakikutembea.

Reli ziko palepale ghorofani, kwenye meza ndefu aliyoiunga baba kwa mbao za masanduku. Alizinunua kwa mwenye duka mmoja wa Dar aliyekuwa akifunga biashara, akazileta zimefungwa ndani ya kanga ya mama. Kila alasiri tulipotoka chuo cha Kurani tulipokezana ile swichi ya mviringo. Mimi niliizungusha kidogo kidogo mpaka treni ianze kujikokota. Wewe uliifungua yote kwa mara moja, treni ikaruka kwenye kona na kuanguka sakafuni.

"Utaiua," nilikuambia.

"Kaka, wewe ukiwa dereva, abiria watashuka wana mvi."

Baba alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nilinuna siku mbili.

Baadaye ukaenda Maskati kuuza vipuri, nami nikabaki Bagamoyo kufundisha fizikia. Tulisalimiana kila Idi, tukaulizana afya. Figo zako zilipochoka, na daktari akakukataza kusafiri, ulimpa binamu yetu aliyekuwa akija harusini kiboksi kidogo aniletee. Ukanipigia. "Kiweke kwenye reli za baba, kaka. Kikizunguka mara moja tu mle ndani, na mimi nitakuwa nimefika nyumbani." Hukuniomba kitu kingine.

Niwie radhi nikikueleza unachokijua. Nisipoeleza, mwenyewe sielewi. Katika kichwa cha treni ya baba, umeme wa kwenye reli huingia moja kwa moja kwenye mota. Umeme ukiwa mdogo, mota huzunguka polepole. Ukiongezeka, nayo huongeza kasi. Hiki chako ni cha kidijitali, kina chipu kati ya reli na mota. Kimetengenezwa kwa reli zenye umeme kamili wakati wote, na chipu hungoja amri ndipo iruhusu mota. Reli kongwe kama zetu hazileti amri, zinaleta umeme tu. Humo chipu hukubali kufanya kazi, ila lazima kwanza ipate umeme wa kuiamsha yenyewe, ndipo unaobaki uende kwenye mota. Nilifundisha umeme miaka yote ile, na hili sikulijua wala sikuuliza.

Nilizungusha swichi mpaka alama ya tatu kati ya kumi. Kimya. Niliinama nikanusa kama kuna kitu kinachoungua, nikarudisha sifuri. Nikajaribu tena, nikaishia palepale alama ya tatu. Nikakirudisha kwenye boksi lake, nikajisemea kwamba wenye duka wamekuchezea. Jioni ile ukapiga.

"Kimetembea?"

"Kimetembea."

Nilisikia pumzi yako, ndefu na nzito. "Kiliondokaje?"

"Taratibu. Kama kile cha baba."

"Aa. Niwekee simu karibu na reli, nisikie."

"Umeme umekatika sasa hivi."

"Basi, haidhuru, kaka. Alhamdulillahi."

Nilikata simu nikijiona nimekutendea wema. Tumelelewa kwamba mgonjwa haongezewi huzuni.

Zuhura mkeo alipotoka eda alinipigia kusema kwamba atakuja na watoto wakifunga shule, na kwamba jambo la kwanza wanalotaka kuliona ni treni ya baba yao ikitembea. Niliingiwa na hofu. Nikakichukua kichwa nikakipeleka kwa fundi redio wa Zinga, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo, mwalimu. Leo umeleta mchezo?"

"Marahaba. Kimekufa hiki. Kitazame."

Aligusisha nyaya za mashine yake kwenye magurudumu, akafungua umeme bila woga, akaipita alama niliyoishia mimi, akapita hata nusu ya swichi. Taa ikawaka. Mara magurudumu yakazunguka kwa nguvu hata kikataka kumponyoka mkononi.

"Mbona kizima, mwalimu? Ulikipa umeme kidogo mno."

"Hakiwezi kuanza taratibu?"

"Kwa umeme wa namna hii? Wapi. Kinakaa kimya, kikiamka kinashtuka na kwenda."

Nilikaa kwenye benchi lake, akaniletea maji. Alidhani ni jua.

Maana wewe uliyekinunua ulilijua hilo, Nasoro. Ulipouliza kiliondokaje, nami nikajibu taratibu, ulijua palepale kwamba hakijaondoka. Ningesema kweli ungenijibu maneno mawili, "Zungusha zaidi," na kingekwenda, nawe ungekisikia. Badala yake ukasema haidhuru.

Juzi nilimuuliza Zuhura kama ulisema lolote baada ya simu ile. Alifurahi nilipouliza. "Alisema, 'Kaka anasema kimeondoka taratibu.' Akacheka kidogo, shemeji, akageukia ukutani akalala." Yeye anaihesabu hiyo kuwa mojawapo ya siku zako njema za mwisho. Mimi sijui kama kicheko kile kilikuwa cha msamaha au cha mtu aliyechoka kunisahihisha, na hakuna wa kuniambia.

Jana nilikiweka kwenye reli za baba. Kilishtuka, kikazunguka mara sita. Nilikizima kwa sababu sikuweza kukitazama.

Zuhura atafika Ijumaa. Ataona kinavyoondoka, naye si mtu wa kupitwa na jambo, ataniuliza. Nitamwambia yote, hata kama nitamnyang'anya siku ile njema. Nimeanza na wewe kwa kuwa wewe ulikuwa unajua tayari.

Mola akulaze pema.

Kaka yako