Ule Mkwaruzo Wanaoupenda

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kazini kwako, wewe na wifi na watoto. Mgongo unaendeleaje? Usiniambie bado unabeba mizigo na vijana wapo. Mimi nipo. Nzima siwezi kusema, ila nipo.

Shangazi kaniambia umenuna. Eti tangu wimbo wa bendi yetu uvume kichwa kimenivimba, simu zako sipokei. Nuna tu, una haki, lakini nisome mpaka mwisho.

Wimbo wenyewe tuliurekodi studio iliyo nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ilibidi tumngoje mchomeleaji aende kula ndipo tupige. Siku hiyo sauti ilikuwa imenikwaruza, na ilishakuwa hivyo kwa muda. Nilitaka tuahirishe. Fundi mitambo akaruka, akasema nisithubutu, sauti ya roki ndiyo hiyo, niimbe vilevile. Nikaimba. Jamani, Kaka, wimbo ulivuma! Mtangazaji wa redio alisema nimemeza misumari. Mwandishi mmoja wa gazeti alituita wapiga kelele tusio na haya, na hapo ndipo watu wakautafuta zaidi. Watoto wa shule wakipita barabarani wanakaza makoo wanaiga ule mkwaruzo, wengine mpaka wanakohoa. Wasichana wananiuliza nakula nini niwe na sauti ile.

Basi tukaanza kuulinda mkwaruzo kama mboni ya jicho. Waya, mpiga gitaa wetu, alininyang'anya chai ya tangawizi, eti italainisha koo tufe njaa. Kabla ya kupanda jukwaani nilijifungia chooni nikapiga mayowe ili sauti ichanike vizuri. Nilijiona mjanja kweli.

Mama, unamjua, tangu macho yazime redio ndiyo dunia yake. Wimbo ulipopigwa akamwambia Shangazi azime, kwamba huyo kijana anayeimba ni mgonjwa, na kama ana wenzake wampeleke hospitali. Shangazi akamweleza kwamba ni mimi. Mama akakataa katakata, akasema mtoto wake anamjua. Tulipohadithiwa tulicheka tukashika mbavu. Waya akawa anakisimulia kisa hicho jukwaani kila tunapopiga, na ukumbi mzima unaangua kicheko.

Halafu siku moja baada ya onyesho nilitema damu kwenye sinki. Nikafungulia maji upesi, lakini Nyundo, mpiga ngoma, alikuwa ameshaona. Alinishika mkono akanipeleka hospitali na jasho letu na nguo zetu za jukwaani.

Daktari akauliza sauti imebadilika lini. Mimi kwa kujidai nikamwambia hiyo ndiyo sauti yenyewe ya ule wimbo. Akatabasamu, akasema binti yake anauimba kutwa nyumbani. Akaingiza mrija wenye kamera kooni, akatazama kwa muda mrefu, na lile tabasamu likaisha.

Ni saratani, Kaka. Nimeandika, basi. Kile wanachokipigia makofi ni uvimbe. Daktari anasema ningekuja mapema angeutibu na sauti ibaki. Sasa lazima aondoe kiungo chenyewe cha sauti, nipumulie tundu la shingoni. Nikikataa, nakufa. Simu zako sikupokea kwa sababu hata kunong'ona kumekuwa kazi, na sikutaka unisikie vile.

Waya alipoambiwa aliuliza kama nisingeweza kurekodi nyimbo mbili tatu kabla ya kukatwa. Nyundo nusura amrukie. Mimi sikumkasirikia, maana nami nilishaliwaza hilo hilo. Nilikwenda studio peke yangu, nikasimama mbele ya kipaza sauti, nikafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Fundi mitambo alizima mashine, akageukia ukutani akilia. Mimi nilitamani kupiga kelele, Kaka, na hilo ndilo lililonishinda.

Wananikata Jumatatu. Nimekubali kwa sababu nataka kuishi. Ninaogopa sana, sitakudanganya.

Mama hajui. Shangazi nimemkataza asimwambie, anangoja neno lako. Kufa naweza kumweleza mtu kwa barua. Hili la Mama limenishinda. Nikiruhusiwa kutoka hospitali nitakwenda nyumbani, nitaingia, atasikia viatu, atauliza ni nani. Sitakuwa na sauti ya kumjibu. Nitamshika mkono, naye atauvuta kwa woga, kama mtu yeyote akishikwa na mgeni. Nakuomba, omba ruhusa kazini uje. Ukae karibu yake siku hiyo, umwambie ni mimi.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu. Wakiuimba ule wimbo wakataze kukaza makoo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku