Ndama Mwekundu Ukutani kwa Sella

Trizah, sikuona kwamba jina la kibanda lilisomeka kwenye ile picha. Nilificha uso wa Sella, nikayaacha maandishi "Kwa Sella, Gatina" juu ya mlango.

Ni picha niliyoonyesha wiki jana kwenye semina ya sheria ya alama za biashara. Kibanda cha Sella ninakonywea chai kila asubuhi, na ukutani nembo ya ile kampuni kubwa ya maziwa, ndama mwekundu, iliyochorwa na fundi wa Kibera bila idhini. Niliuona ni mfano mzuri. Wakili wa kampuni alikuwa ukumbini!

Leo nimekuta watu wawili wa kampuni wakimpaka ndama rangi nyeupe. Sella ameshika barua, anawauliza, "Nauza maziwa yenu, nawatangazia bure, alafu nyinyi ndio mnataka kunishtaki?" Mmoja akamwonyesha picha kwenye simu. Picha yangu, Trizah. Hata kivuli changu kimo.

Sella akanigeukia. "Mwalimu, si ungeniambia tu? Ningefuta mwenyewe."

Ningefuta mwenyewe.

Nilikuwa na jibu la kisheria, tena sahihi. Sikulitoa. Unajua mtaani hapa ni yeye peke yake anayeniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema pole. Akajibu, "Ni sawa tu," akarudi kukanda unga bila kunikaribisha kiti.

Nimerudi chumbani. Chai ya leo nimejipikia.