Sajini Wetu, Fundi wa Karakana Tulivu

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu ulale usingizi wa milele, na bado Mama akipakua chakula anakutengea sahani.

Ulirudi kutoka jeshini ukiwa na viungo vyako vyote. Bomu lililolipua gari lililokuwa mbele yenu halikukuachia hata kovu. Ukafungua karakana ya useremala, tukadhani vita vimeisha. Lakini penye watu wengi ulikuwa unapotea. Mezani ulicheka sisi tukiwa tumeshamaliza kucheka. Shangazi akiuliza habari za kazi, wewe unamweleza habari za ngazi. Majirani wakasema unajidai. Hata sisi wanao tulidhani umetuchoka.

"Baba, si nimekuita!"

"Sauti nimeisikia, mwanangu. Maneno ndiyo sijayakamata."

Hospitali walikupima kwenye chumba kisicho na kelele, ukasikia kila mlio, wakasema masikio yako ni mazima. Ukachukua kofia yako uondoke. Mama akagoma kunyanyuka kitini. "Mpimeni penye kelele," alisema. "Kwetu ni nyumbani, si makaburini."

Mtaalamu wa masikio alicheka, kisha akatega sikio. Akawasha sauti za watu wakizungumza kwa pamoja, akakusomea sentensi fupi fupi. Hukupata hata nusu. Ndipo akakueleza kwamba kishindo cha mlipuko kinaweza kuliacha sikio likisikia, lakini kikavuruga namna ubongo unavyochambua maneno katikati ya kelele. Mama anasema ulimshika mkono ukanong'ona, "Kumbe sikurukwa na akili." Mlilia wote wawili pale pale kwenye korido, watu wakipita.

Nyumba ikabadilika. Televisheni ikawa inazimwa wakati wa kula. Tukajifunza kukugusa bega kwanza, kukutazama usoni, kuongea mmoja mmoja. Tulifanya hivyo kwa ajili yako, na wenyewe tukajikuta tunasikilizana. Asante kwa hilo, Baba. Mjukuu wako Kasuku, ambaye mdomo wake haupumziki, alikuwa anakubana mashavu kwa mikono miwili kabla ya kukumwagia umbea wa shuleni, nawe ulimsikiliza kana kwamba analeta habari za ikulu.

Hukuridhika kupona peke yako. Ulimfuata Dereva, mwenzako wa kikosi, aliyekuwa amejifungia kwa dada yake hataki kuona mtu.

"Niache, Sajini. Mimi kichwa kimeshaharibika."

"Tazama mdomo wangu," ulimwambia. "Kichwa chako kizima. Kelele ndizo zinakuonea. Vaa viatu twende."

Ukampeleka kwa mtaalamu yule yule. Baadaye wakaja wengine. Kila Jumapili ulizima mashine za karakana, ukatundika mazulia makuukuu ukutani ili sauti zisigongane, ukawapangia viti kwa duara. Walizungumza kwa zamu, wakataniana kama vijana wa kambini. Waliozoea kukaa kimya kwenye sherehe za watoto wao walikuwa hawataki kurudi nyumbani.

Siku tulipokuzika, Dereva, aliyekuwa akiogopa mikusanyiko, alisimama mbele ya umati wote. Alisema maneno machache tu: "Huyu alinirudisha kwa watu." Kisha Mama akamkumbatia.

Sasa yeye ndiye anayefungua karakana Jumapili. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mstaafu wa jeshi, ameletwa na mumewe, amejikunyata. Alipotoka alikuwa anabishana na Dereva kwa sauti kuhusu nani kati yao alipika chai mbaya zaidi kambini. Mumewe alibaki mlangoni anamtazama, machozi yanamtiririka huku anatabasamu.

Unakumbukwa na mkeo mpendwa, wanao, wakwe zako, dada yako, Kasuku na wajukuu wenzake, pamoja na Dereva na wenzako wote wa Jumapili. Tunamshukuru Mungu kwamba ulikuwa wetu. Hatutakusahau, Baba, leo wala siku yoyote.