Mhuri kwenye Picha ya Masanja

Mwakitolyo, Shinyanga

Dada Salome,

Shikamoo. Baridi ya Njombe inakutendeaje, na lile goti linakuruhusu kufika shambani? Mimi ni mzima, ila vumbi la mashine za kusaga mawe limenikausha koo. Duka langu la kuchapa na kutoa kopi linakwenda, na kwa kuwa nawaandikia watu barua, huku wananiita Mwalimu.

Nina kosa nataka ulisikie kwangu. Jirani yangu, Mama Minza, ni mjane. Marehemu mumewe, Masanja, alikuwa mchimbaji. Mashimo yalipojaa maji ya mvua, alikaa nyumbani akachora kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Imebaki picha moja: wanaume watano wanavuta kamba, na wanachokivuta hukioni. Haina sahihi. Alhamisi mtathmini wa picha alikuwa anakuja kutoka Mwanza kuitazama. Mama Minza alitaka kuezeka nyumba kwa bati, lakini zaidi alitaka jina la mumewe litajwe.

"Bila sahihi watasema kachora yeyote," aliniambia.

Unanijua. Nusu ya umri wangu nimeandika magazetini kuzishambulia ofisi zinazoabudu mihuri. Lakini huku shimo lina karatasi yake, ng'ombe anayepelekwa mnadani ana karatasi yake, na zote zimegongwa mhuri. Nikamjibu bila kufikiri: "Ipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji aithibitishe."

Mwenyekiti akaandika upande wa mbele, juu ya mchoro wenyewe, kwa kalamu ya bluu, kwamba hii ni kazi ya marehemu Masanja, mkazi wake. Kisha akagonga mhuri mgongoni mwa mvuta kamba wa tatu.

Mtathmini, binti mpole mwenye miwani, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mkono huu ulijua kazi," alisema. "Nani kagonga mhuri?"

"Serikali," Mama Minza akajibu, kifua mbele.

Nikaanza vita vyangu. Nikamuuliza yule binti tangu lini wino wa ofisi ukaua kazi ya mtu, na nani kawapa watu wa mjini mamlaka ya kutupangia thamani. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu, ikiwa safi ningeiuza kama kazi ya msanii asiyejulikana. Hivi ilivyo, sina mnunuzi. Yupo fundi Mwanza anayeweza kuufuta wino."

"Na jina?" Mama Minza akauliza.

"Litafutika nalo, mama."

"Basi iache."

Akaikunja taratibu kama khanga mpya. Nilipomsindikiza mtathmini barabarani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maneno yale yale yangeandikwa nyuma ya karatasi, angeyapokea kama ushahidi, na picha ingeuzwa kwa jina la Masanja.

Niliporudi, Mama Minza alikuwa anachambua mchicha. "Wabeja, Mwalimu," akanishukuru. "Ulinishauri vizuri."

Nikaitikia, dada. Mimi ninayebishana na kila mtu, nikaitikia shukrani ile na kwenda zangu. Ningetamka neno moja tu, "nyuma", angekuwa na jina na bati pia. Asubuhi kabla sijafungua duka nakwenda kumwambia, na safari hii sijaandaa hoja yoyote.

Nisalimie shemeji na ng'ombe wake wa maziwa, mama mdogo msuka vikapu, na mwanao fundi cherehani. Niombee ulimi mwepesi kesho.

Mdogo wako mgomvi,
Yona