Waridi la Mama Lililobaki Bustanini

Ghorofa ya Tatu, Mtaa wa Tamarack,
Duluth, Minnesota.
19 Aprili.

Mpendwa dada yangu Ragna,

Pokea salamu zangu za mapenzi huko Arizona kwenye jua. Magoti yako yanaendeleaje? Yangu yanajua habari za mvua kabla ya redio. Nyonga imeunga, namshukuru Mungu, na mkongojo nimeuweka nyuma ya mlango.

Theluji inayeyuka. Asubuhi nakaa dirishani na kahawa yangu, nasikiliza paa likidondosha maji, nisijue kama niko macho au naota. Tangu Krismasi namwota yule mgonjwa wetu, waridi la Mama, lile alilolibebesha kwa mkono wake juu ya shina la waridi-mwitu mwaka uliozaliwa wewe. Naliona limelala udongoni, linapumua polepole.

Maana nakiri, lilibaki kule bustanini kwenye nyumba ya zamani. Oktoba nilifunga matawi kwa kamba, nikalegeza mizizi ya upande mmoja, nikaliinamisha mtaroni na kulifunika udongo na majani makavu, kama ilivyo desturi yetu, baridi isije ikaua la Mama ikatuachia mwitu mtupu. Baada ya hapo nikaanguka, na Januari nyumba ikauzwa, theluji ikiwa kiunoni. Sikukumbuka kumwambia mnunuzi.

Barua yako ilisema nikalichimbue nikutumie, kwa kuwa ni lako. Jumamosi nikaenda na koleo na boksi. Nilimkuta mwenye nyumba, Mai Yer, binti wa Kihmong, wale waliotoka Laos, mpenda mboga, amekodi mashine ya kulimia na inanguruma hatua tatu tu kutoka mtaroni. Nilipiga ukelele ambao sijaupiga tangu ujana. Akaizima.

"Bibi! Kuna nini?"

"Usilime hapo! Waridi la mama yangu nimelizika hapo."

"Makubwa! Kumbe nimeuziwa nyumba na kaburi lake?"

Alicheka, lakini alipiga magoti matopeni. Tulifukua kwa vidole. Matawi yalitokea meusi tititi, na mimi nikajua basi tena. Yeye akakwaruza gome kwa ukucha, akaniita nitazame. Chini yake kulikuwa kijani. Nililia, Ragna, wala sikuona haya.

Tuliliinua, tukashindilia udongo. Akaniuliza, "Linalazwa upande gani, Bibi?" Nikamwonyesha.

Sasa nisamehe. Anwani yako ilikuwa tayari juu ya boksi, nikarudi nalo tupu. Huko kwako hakuna baridi, na waridi hilo lisingelazwa tena na mtu yeyote. Sikuweza.

Msalimie shemeji Einar, na umbusu Karin mdogo. Mungu akufunike kwa wema wake, usiku na mchana.

Nikasirikie utakavyo, ila Oktoba uje. Mai Yer atachimba, mimi siwezi tena kuinama, na mtu wa kushika matawi siku zote ulikuwa wewe.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukininunia,
Borghild